Huna Cheti cha Kuzaliwa na Unaombewa Visa ya Ndoa ya Marekani: Anza Hapa, Usianze na Kiapo

Swali hunijia kwa sura nyingi lakini ni lile lile: "Dada, mume wangu yuko Singida, hana cheti cha kuzaliwa. Tumtafute wakili atuandikie kiapo?" Na jibu langu halibadiliki. Kiapo ni cha mwisho. Ukikitanguliza, kesi inakwama, halafu unatumia mwaka mzima kurudi nyuma kutafuta ulichokiruka.

Nimeandika nikimlenga Mtanzania wa Bara anayeombewa na mume au mke aliye raia wa Marekani au mwenye green card. Wazanzibari, Wakenya na Wakongomani, njia ni hii hii ila milango ya kugonga ni mingine, nitawataja nikifika. Mimi si wakili. Nilipita huku na mume wangu, aliyezaliwa nyumbani kijijini Kondoa, mkunga akiwa bibi yake mwenyewe. Karatasi ya kwanza duniani kubeba jina lake ilikuwa rejista ya darasa la kwanza.

Wala usione aibu. Sensa ya 2012 ilikuta kwamba takriban asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Maafisa wa visa wanajua hali hiyo. Wanachotaka kuona ni kwamba umetafuta.

Kabla hujalipa ada yoyote, angalia kama visa za uraia wako zinatolewa kwa sasa. Tangu Juni 2025 serikali ya Marekani imekuwa ikitoa amri za kuzuia visa kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa katika orodha ya kwanza, na orodha hiyo hubadilika. Soma tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, travel.state.gov, siku ile ile unayotaka kulipa. Usitegemee kilichosemwa kwenye kundi la WhatsApp mwezi uliopita.

Nadharia kidogo tu

Kanuni ya Marekani ina ngazi nne. Ya kwanza ni cheti chenyewe. Kama hakipo, ya pili ni barua ya ofisi ya serikali inayosema hakipo na kwa nini. Ya tatu ni karatasi za zamani zinazotaja kuzaliwa kwako: kanisa, shule, kliniki. Ya nne ni viapo vya watu wawili au zaidi wanaojua tukio lenyewe. Huruki ngazi. Ukipeleka viapo bila barua, wanachukulia kwamba hukwenda hata ofisini kuuliza.

Uwe na nini mkononi

- Pasipoti na kitambulisho cha NIDA. Tazama tarehe ya kuzaliwa kwenye vyote viwili sasa hivi, usisubiri.
- Majina kamili ya wazazi, pamoja na majina waliyokuwa wakiitwa wakati unazaliwa. Mama anayeitwa Mwanaidi leo huenda rejista ya shule ilimwandika "Mama Saidi".
- Kijiji, kata na wilaya uliyozaliwa kwa mipaka ya wakati ule. Wilaya nyingi zimegawanywa. Aliyezaliwa mahali palipo Chemba leo, karatasi zake za zamani zitasoma Kondoa.
- Karatasi yoyote ya utotoni: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi kutoka hospitali, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba.
- Orodha ya wazee walio hai waliokuwepo ulipozaliwa, na namba zao za simu. Anza na hawa. Karatasi inaweza kungoja. Mzee wa miaka 80 hangoji.
- Simu yenye kamera nzuri na bahasha ngumu. Usikunje chochote.

Hatua kwa hatua

1. Jua ni nani anayekidai cheti, na lini

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi bure. Kwenye fomu I-130, ile anayoijaza mwenza aliye Marekani, cheti cha kuzaliwa cha mume au mke anayeombewa si sharti. Wanataka uthibitisho wa uraia au green card ya mwombaji, cheti cha ndoa, na hati za talaka au vifo kama kuna ndoa za nyuma. Kwa hiyo usikae na I-130 mezani eti unangoja cheti kutoka RITA, ofisi ya usajili wa vizazi ya Bara. Itume. Miezi ile ya kungoja USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) ndiyo miezi yako ya kutafuta cheti.

Cheti hudaiwa baada ya I-130 kupita, kesi inapohamia kituo cha visa kinachoitwa NVC, unapojaza DS-260, fomu ya maombi ya visa, na kupandisha nyaraka mtandaoni. Kama tayari uko ndani ya Marekani na unabadili hadhi kwa I-485, fomu ya kuomba green card ukiwa huko huko, cheti kinatakiwa pamoja na fomu hiyo.

Na kama mwenzako ni Mtanzania aliyepata uraia wa Marekani, naye hana cheti cha kuzaliwa, asihangaike. Cheti chake cha uraia au pasipoti ya Marekani vinatosha.

2. Soma ukurasa wa nchi yako

Kwenye travel.state.gov kuna ukurasa wa kila nchi unaoeleza nyaraka zipi hupatikana, nani huzitoa na zikoje. Soma ukurasa wa nchi *uliyozaliwa*. Uliyezaliwa Bujumbura ukakulia Kigoma, soma wa Burundi. Hatua hii ni ya dakika kumi, lakini ndiyo itakayoamua kama barua ya "hakipo" itakubalika. Ukurasa ukisema cheti hupatikana, maana yake wanatarajia ukisajili hata kwa kuchelewa.

3. Kusanya karatasi kongwe KABLA ya kwenda kusajili

Nasisitiza kwa herufi kubwa kwa sababu karibu kila mtu hufanya kinyume. Anakimbilia kusajili kwa kutumia kitambulisho cha NIDA, anapewa cheti kipya kinachong'aa, halafu baadaye anapata cheti cha ubatizo chenye mwaka tofauti. Sasa ana hati mbili zinazogombana, na ile ya kweli ndiyo inayoonekana ya uongo.

Tafuta kwanza. Unakotafuta:

*Kanisani.* Parokia na sharika hutunza daftari la ubatizo kwa miongo mingi. Nenda na majina ya wazazi na mwaka wa kukadiria, uombe nakala ya cheti iliyotolewa kutoka daftarini, na pia picha ya ukurasa wenyewe kama padri au mchungaji ataruhusu. Ubatizo wa utotoni una uzito mkubwa. Ule wa ukubwani unasaidia kidogo tu, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa ulimwambia wewe mwenyewe.

*Shuleni.* Waislamu, hapa ndipo penu, kwa sababu akika haiachi karatasi. Shule ya msingi ina rejista ya uandikishaji: jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mzazi, tarehe ya kuanza. Muombe mwalimu mkuu barua yenye kichwa cha shule, sahihi na muhuri, inayonukuu ulivyoandikwa, iambatane na picha ya ukurasa. Shule ya mume wangu ilikuwa na rejista ya mwaka 1991 imeliwa na mchwa pembeni, lakini mstari wake ulikuwa mzima. Picha ya ule ukurasa ulioliwa ilitusaidia kuliko mihuri yote tuliyopata baadaye. Karatasi kongwe ni nzito kuliko muhuri mpya, shika hilo.

*Hospitali au zahanati.* Kama ulizaliwa huko, uliza daftari la wazazi. Kwa waliozaliwa kabla ya miaka ya 1990 mara nyingi halipo tena, lakini uliza, na ukiambiwa halipo omba waandike hivyo.

Ukishakusanya, ziweke mezani na ujiulize kwa uaminifu: tarehe ya kweli ni ipi?

4. Omba upekuzi wa rejista

Kwa Bara ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ofisi zake zipo wilayani, na sehemu ya maombi hufanyika kwa mfumo wa eRITA. Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kenya utakwenda usajili wa raia, na mara nyingi utahitaji barua ya chifu. Congo utapita mahakamani kupata *jugement supplétif*, ndipo ofisi ya *état civil* ikuandikie *acte de naissance*.

Usiombe upekuzi kwa tahajia moja. Andika zote: Mohamed, Muhamed, Mohammed, Jumanne au jina la babu. Omba watazame miaka miwili mbele na miwili nyuma ya mwaka unaoudhani. Kuna watu waliosajiliwa na baba zao kimyakimya wakiwa wachanga bila wao kujua, na kumsajili mtu mara ya pili ni balaa lisilo na sababu.

5. Sajili kwa kuchelewa, kama ofisi inakubali

Usajili wa kawaida Tanzania ni ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Zaidi ya hapo ni usajili uliochelewa, na kwa aliyepita miaka 10 ofisi inadai uthibitisho mzito zaidi. Peleka ulivyokusanya hatua ya 3, NIDA, na barua ya mtendaji.

Cheti kikitoka, kisome ukiwa bado dirishani. Herufi kwa herufi. Majina ya wazazi, wilaya, tarehe. Kosa la karani ukiligundua hapo hapo hurekebishwa kwa urahisi. Ukiligundua ubalozini ni safari nyingine.

Wengi hudhani cheti kikishatoka kazi imekwisha. Hapana. Cheti kilichosajiliwa miaka 38 baada ya mtu kuzaliwa, miezi minne baada ya ndoa na Mmarekani, kitamfanya afisa yeyote ainue nyusi. Hawakikatai kwa hilo tu, ila wanataka kuona kimejengwa juu ya nini. Kwa hiyo unapopandisha cheti, pandisha pamoja nacho barua ya shule, ubatizo, au kadi ya kliniki. Usingoje waombe.

Onyo. Nje ya baadhi ya ofisi za serikali utakutana na vishoka watakaokuambia cheti kinapatikana leo leo, hata "cha zamani", yaani chenye tarehe ya kutolewa ya 1985. Pita. RITA ina huduma ya uhakiki wa vyeti, na ubalozi unaweza kuuliza. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, kughushi hati ili upate visa kunaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Kukosa cheti ni tatizo lenye dawa. Cheti feki ni kidonda kingine kabisa.

6. Kama haiwezekani kusajili, pata barua ya "hakipo"

Barua iwe na kichwa cha ofisi ya serikali yenye mamlaka ya usajili, na iseme mambo matatu: kwamba wametafuta na hawakuona, sababu ya kutokuwepo, na kama kumbukumbu za mahali pale na miaka ile zipo au hazipo. Hilo la tatu ndilo makarani husahau. Waandikie kwa adabu unachohitaji kwenye barua yako ya maombi, maana karani hawezi kubuni matakwa ya Marekani.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata haichukui nafasi hii. Inasaidia kama nyongeza tu, kwa kuwa mtendaji hatunzi rejista ya vizazi.

7. Sasa ndiyo viapo

Wawili au zaidi. Wewe na mwenzako hamruhusiwi kujiapia, kwani kesi ni yenu. Mama yako anaruhusiwa, na ndiye shahidi bora kuliko wote. Shangazi, mjomba, mkunga na jirani pia wanafaa. Si lazima wawe raia wa Marekani. Lazima wawe na umri wa kukumbuka: dada aliyekuzidi miaka miwili hawezi kushuhudia kuzaliwa kwako, hata akiapa kwa vitabu vyote.

Mawakili wengi wa mtaani wana fomu ya "kiapo cha kuzaliwa" ya aya moja: naapa kwamba fulani ni mwanangu, alizaliwa tarehe fulani. Hiyo inapita kwenye ofisi nyingi za kwetu. Kwa visa haitoshi, kwa sababu haisemi shahidi alijuaje. Mpe wakili au hakimu maneno kama haya:

> Mimi, (majina matatu), Mwislamu/Mkristo, mtu mzima, mkazi wa (anuani kamili), naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo:
>
> 1. Kwamba nilizaliwa tarehe ... huko ...
>
> 2. Kwamba mimi ni shangazi wa (jina lako), dada wa baba yake wa tumbo moja.
>
> 3. Kwamba (jina lako) alizaliwa tarehe ... nyumbani kwa ... katika kijiji cha ..., wilaya ya ..., baba yake akiwa ... na mama yake akiwa ...
>
> 4. Kwamba nayajua haya kwa sababu nilikuwa nikiishi katika nyumba hiyo, nilichemsha maji siku ya uzazi, na nilimbeba mtoto siku hiyo hiyo.
>
> 5. Kwamba kuzaliwa kwake hakukusajiliwa kwa sababu ...
>
> 6. Kwamba yote niliyoeleza ni kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe.

Kifungu cha 4 ndicho kiapo. Vingine ni fremu. Kila shahidi aseme kwa maneno yake; viapo viwili vinavyofanana neno kwa neno vinanuka.

Tarehe wazee hawaikumbuki? Usiwalishe. Waulize palikuwa na nini. Mama mkwe wangu alituambia, "Mwanangu nilimzaa wiki aliyokufa Sokoine, redio ilikuwa inalia nyimbo za msiba." Edward Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Rejista ya shule ilisema 1984 bila mwezi. Tuliyaandika yote mawili kwenye kiapo jinsi yalivyo, pamoja na ile redio. Mvua kubwa, njaa, vita vya Kagera, kuhamia kijiji cha ujamaa: vyote hivyo ni kalenda, na afisa anayesoma viapo mia kwa mwezi anatofautisha kumbukumbu ya mtu na maneno ya kupangiwa.

Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha kila shahidi.

8. Tafsiri

Ushahidi wote wa Kiswahili utafsiriwe kwa Kiingereza, mzima, pamoja na maneno yaliyo ndani ya muhuri. Mfasiri aweke mwishoni tamko kwamba ana uwezo wa lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, aandike jina, anuani, tarehe na atie sahihi. Tafsiri haihitaji kugongwa muhuri na mthibitishaji. Mtu yeyote anayezijua lugha vizuri anaweza kufasiri, ila asiwe wewe wala mwenzako. Asirekebishe makosa ya asili. Kama rejista imeandika "Husein" na pasipoti "Hussein", tafsiri ibaki "Husein".

9. Andika barua ya maelezo na upandishe

Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi. Ulizaliwa wapi, kwa nini hukusajiliwa, ulikwenda ofisi gani tarehe gani, ulipata nini, unaambatanisha nini. Bila huruma, bila hadithi ya mapenzi. Kama majina yametofautiana, eleza hapa, na uhakikishe kila jina uliloandikwa popote limeingia kwenye sehemu ya fomu inayouliza majina mengine uliyowahi kutumia.

Faili la sehemu ya cheti cha kuzaliwa lipange hivi: barua ya maelezo, cheti au barua ya "hakipo", karatasi kongwe, viapo, kila kimoja kikifuatwa na tafsiri yake. Piga picha za rangi, pembe zote nne zionekane, mbele na nyuma.

10. Siku ya mahojiano

Beba asili za kila ulichopandisha. Swali litakuwa, "Kwa nini cheti kimetolewa mwaka jana?" Jibu kwa sentensi mbili: nilizaliwa nyumbani, wazazi hawakusajili, nilisajili nilipokihitaji, na hii ni rejista ya shule yangu ya 1991. Nyamaza. Kimya chake afisa akiwa anasoma si cha kujaza.

Ikikwama

*Ofisi inakataa kuandika barua ya "hakipo".* Peleka maombi kwa maandishi na nakala yako igongwe "imepokelewa". Rudi baada ya wiki chache, fanya hivyo tena. Kanuni inakubali ushahidi kwamba umejaribu mara kwa mara kwa nia njema, na zile nakala zenye muhuri ndizo ushahidi.

*Tarehe ya NIDA si ya kweli.* Namba ya NIDA yenyewe huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na pasipoti huifuata, kwa hiyo huwezi kuificha. Tofauti ya mwezi au siku iliyotokana na kukisia, ieleze kwenye barua na uendelee; kwa maoni yangu si vita ya kupigana. Lakini kama umri ulishushwa makusudi, iwe kwa shule, mpira au kazi, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi DS-260. Usipokee ushauri wa mtu mwingine kwa hilo, wangu ukiwemo.

*NVC wamekataa cheti kwenye mfumo.* Soma sababu waliyoandika. Mara nyingi ni picha mbaya, tafsiri isiyo na tamko, au ukurasa wa nyuma uliosahaulika. Rekebisha hicho tu. Ila usikae kimya: kesi isiyoguswa kwa mwaka mmoja NVC inaweza kufungwa.

*Nimepata RFE (barua ya kudai ushahidi zaidi) kutoka USCIS.* Tarehe ya mwisho iko kwenye barua na haiongezwi. Jibu ni moja, kila kitu kwa pamoja. Ukituma nusu, wataamua kwa hiyo nusu.

*Nimepewa karatasi ya 221(g) ubalozini, yaani visa imezuiwa kwa sasa kwa kuwa kuna kinachopungua.* Kesi haijafa. Una mwaka mmoja kuleta wanachotaka.

*Wazazi wote wamefariki.* Ndugu wa baba, ndugu wa mama, jirani, mkunga wa kijiji. Weka vyeti vya vifo vya wazazi kama vipo, ili ieleweke kwa nini hawakuapa wao.

*Nina watoto wa nyuma, nao hawana vyeti.* Jua kwanza: unayeombewa na raia wa Marekani, watoto hawakufuati ndani ya kesi yako. Kila mtoto anahitaji I-130 yake, na mtoto wa kambo anahesabika tu kama ndoa yenu ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Vyeti vyao anza leo, maana wao wanahitaji kuthibitisha mzazi ni nani, na cheti kilichochelewa ni dhaifu zaidi kwa hilo. Ubalozi ukipendekeza kipimo cha DNA, tumia maabara yenye ithibati ya AABB na utaratibu wao. Kipimo ulichojifanyia kwingine hakitahesabika.

*Mimi ni mkimbizi, siwezi kurudi Congo kuomba karatasi.* Usiiendee serikali uliyoikimbia, wala ubalozi wake, bila kuongea na mwanasheria. Eleza kwenye barua kwa nini huwezi, weka kumbukumbu za UNHCR na za kambini, kadi ya kliniki ya kambi ya Nyarugusu kama uliwahi kuwa nayo, na viapo vya watu mliotoka nao kijiji kimoja. Kama uliandikishwa tarehe 1 Januari kama nusu ya kambi, sema hivyo wazi. Na kama wewe ndiye uliyeingia Marekani kama mkimbizi, na ndoa yenu ilikuwepo kabla hujaingia, huenda fomu yako si I-130 bali I-730, ile ya mkimbizi kumwombea mume au mke, ambayo haina ada lakini ina muda: miaka miwili tangu uingie. Hesabu tarehe zako kabla ya kitu kingine chochote.